Maua ya Dirisha la Jikoni

Mvua ya masika ilikuwa imeshika Rangwe, na kila jirani alikuwa shambani ameinama. Phelesia peke yake alikaa barazani, jembe limeegemea ukuta, akilitazama dirisha la jikoni la mkaza mwanawe kama mtu anayetazama choo cha jirani.

Pale dirishani, kwenye mikebe ya siagi iliyotobolewa matundu chini, Trizah alikuwa ameotesha maua. Tena aliyaotesha kabla ya mvua! Na desturi ya boma inajulikana: mama mwenye boma ndiye hutangulia kupanda, wengine wakafuata. Phelesia akaapa hatashika jembe mpaka mikebe ile imwagwe. Na asipopanda yeye, hapandi mtu.

Jirani yake Teresa akapita na kikapu cha mbegu. "Mama Clifford, wewe ndiyo unangoja mvua ama mvua ndiyo inakungoja?"

"Nangoja nyar Takawiri, huyo binti wa kisiwani, amalize kulima dirisha."

Teresa akacheka mpaka kikapu kikayumba kichwani. Kicheko kile kilimchoma Phelesia. Mahindi ya Teresa yangefika magotini yeye bado anaapa, na wajukuu hawali viapo. Akajizoazoa, akaenda jikoni. Labda vitu vyenyewe vimekufa.

Havikufa. Miche ilisimama wima, majani mawili mawili, mabichi.

"Mbona hapa, na sebuleni kuna dirisha kubwa?" akamuuliza Trizah aliyekuwa mekoni.

"La sebuleni limezibwa na mti, mama. Hapa jua la asubuhi linaingia lote. Nageuza mikebe kila nikiamka, isiiname upande mmoja."

"Unageuza kama chapati."

"Ndiyo, mama."

"Yakikua yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yanakamuliwa?"

Trizah akajiuma mdomo asicheke. "Ni ya kutazama tu."

"Kutazama! Huko kisiwani mmetazama maji tangu mzaliwe, bado hamjashiba?"

"Nisamehe, mama, lakini sitayamwaga." Alisema polepole, macho chini, ila mkono wake ulikuwa umeushika mkebe.

Phelesia aliuona ule mkono. Kumnyang'anya hawezi, na kurudi barazani ni kumrudia Teresa. Akazamisha kidole mkebeni akitafuta kosa lolote. Udongo ulikuwa mweusi, mwepesi, kama majani ya chai yaliyochujwa jana.

"Huu ni udongo ama ni nini?"

"Nilinunua Homa Bay, kwa wale wa miche. Wa hapa ukikauka unakaza, mizizi inashindwa."

Phelesia akanusa, akakunja pua. Halafu uso ukamfunguka taratibu.

"Kumbe si wetu."

"Si wetu, mama."

"Haujachanganywa na wa shamba langu hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hujapanda kitu, wewe! Mbegu isiyogusa ardhi ya boma haijapandwa. Umechezea takataka ya mjini kwenye mkebe, na mimi mtu mzima nimekaa nikikasirikia takataka!"

Akatoka akachukua jembe. Mstari wa kwanza aliupanda mwenyewe, bila haraka, akifunika kila shimo kwa wayo. Trizah alisubiri pembeni mpaka ukaisha, ndipo akaingia na mbegu zake.

"Na maua, mama, niyatoe nje lini?"

"Mahindi yangu yakishachomoza. Maua yakigusa udongo wangu kabla ya hapo, utavuka maji urudi kwenu pamoja na mikebe yako."

"Sawa, mama," Trizah akasema, akaanza mstari wa pili.