Mgomo wa Laini ya Nne

Siku Nduku alipoharibikiwa na mimba kiwandani, mlango wa laini ya nne ulikuwa umefungwa kwa kufuli kama kawaida. Aliomba ruhusa ya kutoka, akaambiwa amalize tageti ya siku kwanza. Akaomba tena. Alipoanguka kando ya cherehani yake, damu ilikuwa imeshafika kwenye suruali za jinzi zilizongoja kusafirishwa ng'ambo.

Katunge ndiye aliyezima mashine ya kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kyumbi, mwenye sauti nene. Wiki hizo vijana walikuwa wamejaa barabarani nchi nzima wakipinga ushuru, na serikali ilikuwa imerudi nyuma. Katunge akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa.

“Watoto wetu wameshinda serikali, sisi tushindwe na kufuli?”

Wavinya, aliyeshona karibu naye tangu kiwanda kifunguliwe hapo Athi River, akazima yake. Laini nzima ikafuata, kisha kiwanda chote. Kukawa kimya, hata wakasikia njiwa wakitembea juu ya mabati.

Walitoka kwa nyimbo za kanisani hadi langoni. Polisi walikuwa wanawangoja. Mkebe wa kitoa machozi ulimpiga Wavinya usoni, na hospitalini Machakos daktari akamwambia jicho la kushoto halitaona tena.

Katunge alikuja kumwona, amebeba machungwa. Alilia kuliko mgonjwa.

“Wameniita ofisini niongee kwa niaba yetu,” alisema. “Kufuli zimetolewa, Wavinya. Tumeshinda! Hili jicho lako hatutalisahau.”

Wavinya alicheka, ingawa kucheka kulimuuma. Alipokuwa kwao Wamunyu akiuguza kidonda, aliwasimulia majirani habari hiyo mpaka mamake akamwambia apumzike.

Alipopona alirudi kazini. Askari wa lango akamzuia, akapiga simu ndani. Aliyetoka alikuwa Katunge, amevaa koti la supavaiza, funguo zikining'inia kiunoni.

“Habari ya nyumbani? Mama yuko?”

“Mama yuko. Nimekuja kazi.”

Katunge akatazama malori yaliyopita barabarani.

“Wameleta mashine za kompyuta. Moja tu inashona mifuko ya watu sita. Hata wenye macho mawili wanaachwa.”

“Na hizo funguo?”

“Nguo zilikuwa zinaibwa. Ukiwa ndani unaona mambo kivingine.”

“Hata mimi nilikuwa ndani, Katunge.”

Katunge alisema atamwombea kwa wakubwa, akarudi ndani bila kumwambia aje lini.

Wavinya hakuondoka. Alikaa juu ya jiwe ng'ambo ya barabara mpaka shifti ilipoisha, akamwona Nduku katikati ya wanawake waliokuwa wakitoka. Akamkimbilia. Nduku alimkumbatia upesi, kisha akageuka kutazama langoni.

“Mimi nakuombea kila Jumapili, haki ya Mungu,” alisema kwa sauti ya chini. “Lakini usikuje hapa tena. Tukionekana na wewe, watasema tunapanga kitu.”

Akajifunga leso vizuri, akaenda mbio kuwafikia wenzake. Wale waliokuwa bado wanakuja nyuma walimwona Wavinya amesimama pale, wakavuka barabara kabla hawajamfikia.