Benchi la Watu Wawili

Chama chetu cha siasa hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, hakina viti. Ukiitwa mkutanoni unabeba chako kutoka nyumbani, na mkutano ukiisha unarudi nacho kichwani. Mimi na Marie tulikuwa na benchi. Mbao zilitoka kwake, fundi nilimtafuta mimi, na tulilibeba pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, tukiwasema watu njia nzima.

Marie ni Mubembe wa papa hapa ziwani. Mimi, Bazubagira, nilizaliwa juu milimani, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Chamani hakuna aliyenikumbusha hilo mpaka wakubwa wa chama walipoleta mpango wao wa uhamiaji: watu wa lugha yangu wahesabiwe kuwa wageni hadi watakapothibitisha vinginevyo, na kwa sasa wasiwe wanachama. Nusu ya tawi ikasema ni sawa, nusu ikasema ni aibu. Norbert, mwenyekiti wetu, mtu anayetaka kupendwa na kila mtu, akashindwa kusema lake. Akaitisha kura.

"Benye kukubali, bapeleke viti yabo upande ya ziwa," alisema, macho chini. "Benye kukataa, upande ya mulima."

Upande wa mlima! Uwanja alishaugawa hata kabla hatujapiga kura.

Nilikasirika, lakini sikuogopa. Nilikuwa na Marie. Miaka ya nyuma, vijana walipozunguka mitaani wakitutafuta sisi wa milimani, chini ya kitanda chake ndiko nilikojificha. Viti vikaanza kuhama huku na huku. Benchi letu lilikuwa tayari upande wa mlima, na Marie hakusogea. Moyoni nikawa namwomba: kaa, mama, kaa tu.

"Mama Gad," alininong'oneza, "mutoto wangu Roger anataka kuwa candidat mu uchaguzi. Bakiniona huku na we, batamukata jina."

"Na mi? Mi niende wapi?"

Marie akasimama.

Mabenchi ya aina ile mnayajua. Mmoja akiinuka bila kumwambia mwenzake, upande wa pili unashuka. Nikaanguka matako chini mbele ya chama kizima. Upande wa ziwa wakacheka. Hata wa upande wangu walicheka, niliwasikia.

Kura haikuhesabiwa mpaka mwisho. Watu walitukanana, Norbert akapiga meza bure, na kila upande ukaondoka ukisema wao ndio chama.

Nilipoinama kuchukua benchi, upande wa mbele ukainuka. Ilikuwa mikono ya Marie. Mazoea tu, nafikiri. Tukatembea kidogo, yeye mbele, mimi nyuma, na nawaambia nilifurahi kama mjinga.

Kisha mtu akaita kutoka upande wa ziwa, "Mama Roger! Unaenda na nani?"

Marie akaweka upande wake chini, polepole, asiniumize miguu. Akaenda bila kugeuka.

Nililiburuta hadi nyumbani, na majirani wakatoka milangoni kutazama kelele hiyo ni ya nini. Sasa liko uani kwangu. Nikikaa mahali pangu pa zamani linaniangusha, kwa hiyo nakaa katikati. Namkumbuka Marie kila jioni, na kila jioni namkasirikia upya.

Wale wa upande wa mlima wameanzisha chama chao na wananialika kila mara. Siendi. Nawaambia benchi ni zito kwa mtu mmoja.