Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Tangu mume wake azikwe, miezi mitatu sasa, mshonaji alikuwa ameyazoea karibu yote. Alikwisha kuzoea kutandika kitanda upande mmoja. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, mlio wa breki za baiskeli ya marehemu. Kwa miaka ishirini, kila jioni, mlio ule ndio uliomwambia kwamba baba watoto amefika. Sasa baiskeli ilikuwa ya binti yao wa miaka kumi na saba, ambaye baba yake alimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Juzi Chiriku aliposhika breki pale uani, mama aliinuka kitini kwenda kumfungulia mumewe. Alifika mlangoni ndipo akakumbuka.

Basi asubuhi ile, Chiriku akiwa bafuni, mama alichukua kichupa cha mafuta ya cherehani. Cherehani ikilia unaitia mafuta, inanyamaza. Akadondosha matone kwenye raba za breki, za mbele na za nyuma, kisha akazipangusa rimu zote mbili kwa kitambaa chenye mafuta hayohayo mpaka zikang'aa. Chiriku akatoka mbio, mtihani ulikuwa saa tatu. Chai aliiacha nusu kikombe.

Haukupita muda, shemeji yake akaingia amekumbatia ovaroli. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, fundi magari, mtu wa masihara.

"Shemeji, niokoe. Nimeinama jana mbele ya mteja, ovaroli ikapasuka makalioni. Mama wa watu kacheka mpaka kasahau gari lake."

"Ovaroli haina kosa. Punguza kula."

"Wivu huo."

Mshonaji akatabasamu, akatia uzi kwenye sindano. "Na mimi leo nimekuwa fundi. Breki za kaka yako nimezinyamazisha."

"Umezifanyaje?"

"Nimezitia mafuta."

"Kwenye waya?"

"Kwenye zile raba. Na rimu nimezipangusa."

Shemeji hakucheka. "Chiriku yuko wapi?"

"Ameshaondoka."

"Shemeji, raba inaikamata rimu kwa sababu ni kavu. Ukiipaka mafuta inateleza tu. Mtoto hana breki!"

Barabara ya shule ilikuwa mteremko mtupu, na chini kabisa ilikatana na barabara kuu ya malori. Akapiga simu ya Chiriku. Ikalia chumbani, chini ya mto wa kulalia.

Walipoingia kwenye pikapu aliyokuja nayo, shemeji alikanyaga pedeli ya breki mara tatu kabla ya kuondoa gari.

"Twende, jamani! Unacheza na nini?"

"Naisikiliza. Ikizama mpaka chini, tutakwenda kumgonga sisi wenyewe."

Wakateremka kwa gia ndogo, injini ikinguruma. Mshonaji alichungulia kila mtaro. Kitu cha bluu, rangi ya sketi ya shule, kikamfanya apige ukelele. Kilikuwa mfuko wa plastiki. Alitaka kuomba dua, lakini alichokumbuka ni kile kitambaa tu, na jinsi alivyosugua kwa bidii.

Chini, karibu na njia panda, watu walikuwa wamekusanyika. Lori lilikuwa limesimama kando. Shemeji akasimamisha gari na mshonaji akaruka, kiatu kimoja kikabaki ndani.

"Nipisheni! Ni mwanangu!"

Wakampisha. Chiriku alikuwa ameketi juu ya lundo la mchanga wa wajenzi, hatua kama kumi kutoka kwenye lami. Viwiko vilikuwa vimechubuka, na soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imelika kwa kuburuzwa barabarani. Mama alimshika kichwa, mabega, magoti, akitafuta palipovunjika. Hapakuvunjika mahali.

"Nimebana breki zote, mama, hazishiki! Nikauona mchanga, nikajitupa. Baba huyu! Kumbe baiskeli yake hakuwa akiitazama hata kidogo."

Shemeji alikuwa ameinama kwenye gurudumu. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama kinavyong'aa, akakifuta kwenye suruali.

Mshonaji alijua angeweza kunyamaza.

"Baba yako alikuwa akiitazama kila Jumapili," akasema. "Ni mimi. Nimezipaka mafuta asubuhi. Sikuweza kuvumilia kuzisikia zikilia tena."

Chiriku akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kimya, yeye asiyekuwa na kituo. Kisha akajikung'uta mchanga.

"Nitachelewa mtihani," akasema, akaanza kuchechemea kuelekea barabara kuu.

Mama akamfuata, kiatu kimoja tu mguuni. Lori jingine likapita, ardhi ikatetemeka, naye akajikuta ameshika ukosi wa shati la bintiye kwa mikono miwili.

"Mama, unaninyonga."

Hakuuachia mpaka walipofika ng'ambo.