Jiwe la Kilo Mbili

"Huyu mtoto mnamlisha au mnamwonjesha?"

Ndivyo jirani wa chumba cha tatu alivyomwuliza fundi cherehani asubuhi moja, wakianika nguo kwenye kamba ya uani. Aliuliza akicheka, kibanio cha nguo kiko mdomoni, na pengine kabla hajakitoa alishasahau alichosema. Lakini maneno ni kama mbegu za papai, anayezitema hajui zitaota wapi. Fundi cherehani alirudi chumbani, akamvua binti yake nguo zote, akamlaza kitandani penye mwanga wa dirisha, akaanza kuhesabu mbavu.

Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akimwita Sindano, kwa sababu ni ndogo lakini inapenya. Mama alilipenda jina hilo mpaka siku ile ya kamba. Tangu hapo kila alipolisikia lilimchoma.

Habari hizi zilimfikia Mama Mizani wiki mbili baadaye, siku ya kupima watoto.

Mama Mizani si muuguzi, na hajawahi kujidai kuwa. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akazaa, akazika mume, na Mungu akamfungulia mlango wa kliniki. Alikuwa akifagia, akipanga mabenchi, na akitundika watoto kwenye mizani ya kuning'inia, ndani ya kile kisuruali cha turubai chenye matundu mawili ya miguu. Mwaka wa kumi na tisa huo. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, alitaja jina la Mungu, akatundika jiwe la chuma la kilo mbili, akaangalia mshale. Ukisimama kwenye mbili, kazi inaanza. Ukisimama pengine, anageuza skrubu mpaka mshale utubu.

"Mizani ni shahidi," alikuwa akiwaambia wanafunzi wa uuguzi waliomcheka, "na shahidi huapishwa kwanza."

Siku hiyo Sindano alipiga kilo nne na gramu mia tisa. Mwezi uliopita alikuwa na nne na mia nne. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na zile za nyuma. Akamsikiliza mtoto kifua, akambinya ngozi ya tumbo, akamtazama machoni, kisha akamwambia mama amnyonyeshe palepale ili aone. Sindano akadaka titi kama mtu mwenye haki yake, koo likawa linameza na kusikika.

"Mtoto wako mzima," muuguzi akasema. "Ona, mistari hii si namba za mtihani kwamba wa juu amefaulu na wa chini amefeli. Kila mtoto ana njia yake. Huyu yake iko chini kidogo, na anaifuata tangu azaliwe. Ningeshtuka kama angeiacha. Ila mnyonyeshe kila anapotaka, usingoje saa. Wiki mbili zijazo umlete tena tumwone. Na akipata homa, au akikataa kunyonya, au nepi zikikaa kavu, usingoje siku ya kliniki."

Mama mwingine angetoka na meno nje. Fundi cherehani alikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho, akawa anamfunga mtoto kwenye shuka kama mtu anayefunga mzigo wa wenyewe. Mama Mizani aliliona hilo. Aliweka ufagio ukutani, akaketi kando yake.

"Umeambiwa mtoto mzima, mbona unafungasha kama unahama?"

"Mama, usikasirike," yule binti mshonaji akasema bila kumtazama. "Mizani yenu ina makosa."

"Sikasiriki. Nimeitwa majina mengi hapa. Endelea."

"Mtoto anapungua. Wiki iliyopita alikuwa kilo tano kamili. Juzi akawa nne na nusu na ushei. Leo nyie mnasema nne na mia tisa. Sasa mtu aamini lipi?"

"Kilo tano alipimwa wapi?"

"Dukani kwa shangazi wa mume wangu, yule wa nafaka. Anaishi humohumo." Akakaza fundo la shuka. "Leo saa kumi na moja tunatakiwa huko. Anapika uji mzito wa kumwanzishia. Anasema maziwa yangu ni maji ya kuoshea mchele. Mume wangu amekubali, maana shangazi ndiye aliyemlea, hawezi kumpinga. Na mimi nitampinga kwa lipi? Namba ndiyo hiyo."

Hapo Mama Mizani akaelewa hatari iko wapi. Haikuwa kwenye mbavu za mtoto. Tumbo la miezi mitatu lingejazwa uji, mtoto angelala ameshiba unga, titi lingekosa mnyonyaji, na maziwa yangekauka kweli. Kisha watu wangesema: si tulisema?

"Anakojoa?" akauliza.

"Nepi sita, saba kwa siku. Zinakamulika."

"Anacheka?"

"Na cherehani. Nikikanyaga tu, anacheka."

"Unamnyonyesha wakati gani?"

Binti akainamisha kichwa. "Kila baada ya masaa manne. Sare za shule zimekuwa nyingi. Lakini muuguzi ameshanisema."

"Basi hilo ulishike. Sare zitangoja, hazilii." Mama Mizani akamfunika mtoto miguu. "Sasa niambie. Kule dukani alipimwa kwenye mizani ipi?"

"Ya duka."

"Ya duka ipi, mwanangu?"

Binti akamtazama kama anayeulizwa jua lipi. "Mara ya kwanza shangazi mwenyewe alimpima pale mbele, kwenye kaunta. Juzi mbele kulikuwa na wateja, mume wangu akampeleka stoo nyuma, ile wanayopimia mizigo inayoletwa."

Mama Mizani akautazama ufagio wake ukutani. Alikuwa mteja wa duka lile kwa miaka kumi na moja. Mbele alikuwa akinunua maharage. Nyuma aliwahi kuuza mara moja tu, karanga alizozikausha mwenyewe, na siku hiyo karanga zake zilipungua njiani bila gunia kutoboka. Alimshukuru Mungu kwa kilichobaki akaenda zake. Lakini karanga ni karanga.

Alikwenda kwa muuguzi akaomba kuazima jiwe mpaka kesho asubuhi. Muuguzi akamtazama.

"La kufanyia nini?"

"Kuna shahidi nataka kumwapisha."

Saa kumi na moja, sebule ya shangazi, iliyo katikati ya duka na stoo, ilikuwa inanukia uji. Shangazi alikuwa mama wa mwili na sauti, mkarimu, mtu asiyeweza kukuona umesimama asikusukumie kiti. Alikuwa amekaa na bakuli mapajani, akiukoroga uji upoe. Fundi wa kuchomelea alikuwa mlangoni, bado na ovaroli. Mkewe alikuwa amempakata mtoto kwa mikono miwili, kiwiko kimetangulia mbele kama mlinzi.

"Mama Mizani," shangazi akasema, "leo umepotea njia au umefuata harufu?"

"Vyote, dada. Pua yangu na miguu yangu havijawahi kugombana."

"Karibu basi. Ungoje kidogo nimlishe mjukuu wangu, huyu aliyesahauliwa chakula. Nimelea watu tisa mimi, na hata mmoja sikumvalisha kile kisuruali chenu."

"Na wote wakanenepa," akadakia fundi wa kuchomelea, kutaka kuchekesha.

"Wewe ulinenepa lini?" shangazi akamgeukia. "Mpaka darasa la nne ulikuwa ukikaa kiubavu mwalimu anaandika kwenye mahudhurio kuwa hupo."

Wakacheka, na Mama Mizani akacheka nao. Kisha akasema polepole, "Kumbe baba mtu naye alikuwa sindano."

Kicheko kikapungua. Shangazi akakoroga uji.

"Huyo alikuwa mwembamba lakini hakuwa akipungua," akasema. "Huyu anapungua. Mimi siropoki, mama. Nimepima. Kilo tano, ikaja nne na nusu. Ningekuwa mtu wa maneno matupu ningekaa kimya."

"Ndiyo maana nimekuja, kwa sababu wewe ni mtu wa kupima. Wengi wanaogopa kwa macho. Wewe ulisema twende kwenye mizani, na hilo ni jambo jema." Mama Mizani akafungua mkoba, akatoa jiwe lililofungwa kwa kitambaa, akaliweka mezani. Liligonga mbao likatulia. "Hili ndilo jiwe letu. Kilo mbili. Kila asubuhi naipima nalo mizani kabla haijampima mtoto wa mtu. Naomba tulipime na hapa kwako, tujue tunazungumza lugha moja."

Shangazi akaacha kukoroga.

Mama Mizani alimwona. Ni yeye peke yake aliyemwona, maana wale vijana walikuwa wakiliangalia jiwe. Aliona macho ya yule mama yakienda mbele dukani, yakaenda nyuma stoo, yakarudi kwenye bakuli. Hakuwa ameulizwa ni mizani ipi, wala yeye hakuwahi kumwuliza mpwa wake. Juzi aliletewa namba tu, na mapenzi yakamfumba macho, akapika uji. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye chuma tu.

"Lete, shangazi, nikapime," akasema fundi wa kuchomelea. Huyu ni mtu ambaye mlango ukipinda unene wa ukucha anaukata upya. Akalichukua jiwe akaenda nalo kaunta. Walimsikia akiliweka. Walimsikia akilinyanyua na kuliweka tena.

"Mbili na robo," akasema akirudi.

Akapita katikati yao, akaingia stoo. Safari hii alikaa zaidi. Aliporudi alikuwa amelikumbatia jiwe kifuani kama lingevunjika, na alikuwa anatazama sakafu.

"Mbili kasoro robo."

Mkewe alikuwa mshonaji. Kujumlisha na kutoa vilikuwa mkate wake. Midomo yake ikacheza kidogo. "Robo huku, robo kule," akasema taratibu. "Kwa hiyo hakuwa tano. Wala hakuwa nne na nusu." Akamtazama Mama Mizani. "Hakupungua."

"Hakupungua hata siku moja," Mama Mizani akasema. "Anaongezeka, ila kwa mwendo wake. Haba na haba. Dada hapa anauza kibaba kila siku, analijua hilo kuliko mimi."

Shangazi akanyanyua kichwa. Uso ulikuwa umewaka, na sauti ikatoka nyembamba kuliko ilivyozoeleka. "Huenda jiwe lenu limelika. Chuma nacho huzeeka."

Mama Mizani alijua kwamba neno moja tu kutoka kwake lingeigeuza sebule hii kuwa baraza la kesi, na mtoto angesahaulika. Alikuwa na neno hilo. Lilikuwa na miaka kumi na moja ya maharage ndani yake. Akalimeza.

"Dada," akasema, "mimi sikuja kwa ajili ya maharage. Hayo ni yako na Mungu wako, na yeye hana haraka. Mimi nimekuja kwa ajili ya huyu tu. Muuguzi amemkagua kichwa mpaka unyayo, hana ugonjwa. Anakojoa, anameza, anacheka na cherehani. Sasa ukisema jiwe letu limelika, basi mtoto anapungua na huo uji aunywe. Ukisema jiwe ni zima, mtoto naye ni mzima. Chagua wewe, wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii."

Shangazi alimtazama mpwa wake. Huyu kijana alikuja kwake na miaka sita, na tangu hapo hakuwahi kumjibu. Hata sasa hakumjibu. Alikwenda tu, akakaa kwenye mkono wa kiti cha mkewe, jiwe bado liko kifuani.

Sindano alianza kunung'unika, akizungusha kichwa, mdomo ukitafuta. Kwa mazoea mama yake aliangalia saa ya ukutani. Kisha akaiacha saa, akafungua kifungo cha blauzi, akampa.

"Shangazi," akasema, na Mama Mizani hakuwahi kuisikia sauti hiyo kutoka kwake. Haikuwa kali wala haikutetemeka. "Nashukuru kwa uji. Umeupika kwa mapenzi, najua. Lakini hakuna atakayempa mwanangu uji mpaka afike miezi sita. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kukuomba umwonjeshe kijiko cha kwanza, wewe na si mwingine. Mpaka wakati huo ananyonya."

Mtoto alimeza. Koo lile dogo likasikika sebule nzima: moja, na nyingine, na nyingine.

Kutoka kaunta mteja akabisha kwa funguo. "Hodi humu, kuna watu? Kilo moja ya mchele."

Hakuna aliyeinuka. Akabisha tena.

Shangazi akaweka bakuli mezani taratibu, bila kumwaga hata tone. Akasimama, akajinyoosha nguo. Akanyoosha mkono mbele ya mpwa wake, kiganja juu, na kijana akaweka jiwe la kilo mbili ndani yake. Akalipima mkononi mara moja, kama mtu anayepima neno kabla ya kulisema. Hakulisema. Akaligeukia pazia la dukani, akatoka na jiwe kwenda kuiapisha mizani ya kaunta kabla ya kupima mchele.