Mshono wa Kushoto

Tulimzika mke wangu, Bryna, Jumatano, mwezi wa Novemba. Tuliporudi kutoka makaburini tulifunika vioo, nikavua viatu, nikakaa kwenye kiti kifupi kama inavyotakiwa, na tangu hapo nikawa natazama mlango. Watu walidhani ni huzuni tu. Huzuni ilikuwepo, lakini nilikuwa namsubiri Wilfredo.

Kwetu Wayahudi mfiwa hali chakula chake mwenyewe siku ya kwanza. Majirani ndio wanaomlisha: mayai ya kuchemsha na kitu cha mviringo, na hapa Brooklyn kitu cha mviringo ni begeli, mkate mgumu wa duara wenye tundu katikati. Kwa miaka mingi, mtu akifa mtaani, begeli za matanga zilitoka dukani kwangu. Nilizipeleka mwenyewe, za moto, na Bryna akanikumbusha njiani nisiseme upuuzi. Sasa mwenye duka ndiye mfiwa na duka limefungwa siku saba. Ukizunguka kona, upande wa pili wa jengo letu hilihili, kuna duka jingine moja la begeli, la Wilfredo. Nilijua kitakacholetwa kitatoka huko, nikaapa moyoni kwamba sitakigusa.

Aliyeleta alikuwa Mama Perlmutter wa ghorofa ya juu. Ana miaka sabini na minane na amemzika mume na dada zake wote, kwa hiyo mambo ya matanga anayajua kuliko rabi. Aliweka mfuko wa karatasi magotini pangu.

"Kula, Hersh."

"Zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwenye mfuko. Kula."

"Mama, mimi takataka za mashine sili. Hata leo."

"Nani kakuuliza unakula nini? Tia kitu mdomoni, watu wanataka kusali."

Nikatoa moja ili nimwonyeshe ubaya wake. Begeli ya mashine naijua gizani: laini kama sifongo, imelingana pande zote, tundu kama limetobolewa na fundi bomba. Hii haikuwa hivyo. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, na chini kulikuwa na mshono, pale ncha mbili za unga uliokandwa zinapobanwa na kiganja. Mshono ule ulikuwa umelala upande wa kushoto.

Katika maisha yangu nimemjua msokotaji begeli mmoja tu wa mkono wa kushoto.

Nilikula yote, na ya pili.

Wilfredo na mimi tulianza kazi siku moja, tukiwa na miaka kumi na sita, kwa mzee mmoja aliyetulipa vibaya na kutufundisha vizuri. Mimi niliacha shule kwa sababu ya hesabu, yeye kwa sababu ya mama yake. Wazazi wake walitoka Puerto Rico na walikuwa Wakatoliki, lakini mwaka wa pili alikuwa anatukana kwa Kiyidi, lugha yetu ya nyumbani, kuliko mimi. Tulisimama meza moja tukitazamana, mimi mkono wa kulia, yeye wa kushoto, kama mtu na kioo chake. Unakata ukanda wa unga, unausokota uwe kamba, unauzungusha kiganjani, unabana, unatupa. Begeli mia sita kwa saa. Halafu zinalala kwenye baridi mpaka kesho yake, zinachemshwa kwenye maji yenye kimea, ndipo zinaingia kwenye tanuri. Hakuna siri nyingine. Anayekwambia siri ni maji ya New York anataka kukuuzia kitu.

Mzee alipostaafu tulichukua duka pamoja. Bryna akasimama kaunta. Yeye ndiye aliyekuwa huduma, kwa sababu mimi huduma sina. Mtu akiniomba nimchomee begeli kwenye tosta, mimi humwambia, "Imetoka motoni sasa hivi, unataka kuiua mara ya pili?" Bryna alikuwa na tosta ndogo aliyoificha chini ya kaunta, nyuma ya ndoo ya matango. Aliwachomea kimya kimya na kuwaambia wasinijulishe. Nilijua. Harufu ya tosta haifichiki.

Halafu asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, Wilfredo akasema tununue mashine.

"Mashine ya nini? Una mikono miwili."

"Ninao mmoja na nusu."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha, na yeye hakurudia. Siku ya tatu alikuja na picha ya mashine na bei yake. Nilikuwa na hasira tangu alfajiri, sikumbuki ya nini. Nilimwambia kama anataka kuuza sifongo akauzie kwingine. Akasema sawa. Hiyo "sawa" yake ndiyo iliyoniwasha. Nikamwambia, mbele ya wateja, asikanyage tena mlangoni kwangu, hata nikifa.

Bryna alikuwa anakata samaki wa moshi. Aliweka kisu chini. "Hersh, yarudishe hayo maneno."

Sikuyarudisha. Wilfredo alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Mwezi uliofuata alifungua duka lake nyuma ya jengo. Tangu siku hiyo tukipishana barabarani mmoja wetu alikuwa anavuka.

Mtaa ulijigawa. Aliyetaka begeli alikuja kwangu na kuvumilia matusi. Aliyetaka kuulizwa habari za goti lake alikwenda kwa Wilfredo. Mama Perlmutter alikuwa anakwenda kote kuwili na hafichi.

"Kwako natafuna," aliniambia siku ya pili ya matanga, "kwake napumzika. Laiti mngekuwa duka moja."

"Tulikuwa duka moja."

"Najua. Nilikuwa nanenepa."

Kila asubuhi, wanaume walipomaliza sala, mfuko uliletwa. Jumatano zilikuwa begeli ishirini na nne. Alhamisi kumi na nane, Ijumaa kumi na nne. Jumamosi, siku ya Sabato, haikuwa siku ya kuleta kitu, na Jumapili zikaja kumi. Mimi nilizikagua moja moja, mbele za watu, kwa sauti. Hii imekaa majini mno. Hii haikubanwa, itafunguka. Mwenye nyumba akiwa na msiba husamehewa mengi, nikajipa ruhusa. Lakini nilikuwa nazila mimi, sikumpa mtu, na kila gari lililosimama nje nilinyoosha shingo.

Nilitaka aje. Nitasema wazi, maana umri wangu si wa kuficha. Nilikuwa nimempoteza Bryna na hakukuwa na mtu duniani wa kuongea naye habari zake kama alivyokuwa akiwa na miaka ishirini, isipokuwa huyo. Watoto hatukujaliwa. Wageni waliokuja walimjua Bryna wa kaunta, mwenye miwani na mzaha. Wilfredo alimjua Bryna aliyeingia dukani kwa mzee siku ya mvua kubwa, akaomba begeli ya mbegu nyeusi iliyoungua, nami nikamwambia hatuuzi zilizoungua, naye akasema, "Basi unguza." Wilfredo ndiye aliyeiunguza. Mimi nilikuwa bado namkodolea macho.

Jumatatu mfuko ulikuwa mwepesi. Ndani kulikuwa na sita. Zilikuwa zimepinda, moja imefunguka kabisa, mshono wake umeachana kama mdomo.

"Huyu mtu vipi?" nikasema. "Mtoto wa shule angesokota vizuri zaidi. Anataka kuniaibisha mbele ya watu?"

Mama Perlmutter alikuwa anakunja leso za meza. Akaacha.

"Wewe ni mpumbavu, Hersh. Nakwambia leo kwa sababu kesho unaanua matanga na utakuwa na nguvu za kunijibu."

"Nimefanya nini?"

"Bega. Bega la kushoto limekufa, lina zaidi ya miaka kumi. Kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili. Unadhani alinunua mashine kwa uvivu? Nilimkuta jana jikoni kwake anasokota hizo sita, jasho linamtoka na meno ameyauma. Nikamwambia, tia za mashine, mwenyewe anakula huku analia, hatajua. Akasema, 'Atajua.'"

Mmoja na nusu. Alikuwa ameniambia, nami nikacheka.

"Kwa nini haji?" nikauliza.

"Ulimwambia asikanyage hata ukifa."

"Sikufa mimi."

"Basi bado hajaruhusiwa."

Jumanne asubuhi rabi alikuja, tukasali, akasema maneno yake, kisha akaniambia, "Inuka." Nikainuka. Magoti yalilia. Desturi ni kwamba ukitoka matangani unazunguka jengo zima kwa miguu, mara moja, ili ujue kwamba dunia bado ipo. Rabi alitaka kunisindikiza. Nikamwambia akale.

Nilitoka peke yangu, nguo bado imechanwa kifuani kwa desturi ya msiba, ndevu za wiki. Nikapita duka langu. Kwenye mlango watu walikuwa wamebandika vikaratasi. Kimoja kiliandikwa: *Fungua haraka, hata utukane.* Nikakata kona ya kwanza, penye dobi. Nikakata ya pili. Treni ilikuwa inapita juu ya tuta. Hapo ndipo duka la Wilfredo lilipo, na kioo chake kilikuwa kimejaa mvuke.

Kuzunguka maana yake ni kupita. Mimi nikaingia.

Kaunta alikuwepo Migdalia, dada yake Wilfredo, mwanamke wa umri wangu mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilicheza kwenye harusi yake. Nikaenda moja kwa moja mbele. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Pole sana kwa msiba, Hersh. Foleni inaanzia kule."

Nikarudi nyuma ya foleni. Kulikuwa na watu saba mbele yangu, na kila mmoja aliulizwa jambo: mguu, mkwe, paka. Inachukua muda mrefu sana kuuza begeli namna hiyo. Mzee mmoja aliomba achomewe kwenye tosta nami nikauma ulimi. Nyuma ya dirisha la jiko niliona mgongo wa Wilfredo. Alikuwa mnene zaidi, mvi zaidi, mkono wa kushoto umening'inia. Mashine ilikuwa inafanya kazi pembeni yake, na yeye alisimama tu akiisikiliza.

Zamu yangu ikafika.

"Nikupe nini?" Migdalia akauliza, kama anavyouliza watu.

Sikuwa nimefikiri. Mdomo ukasema wenyewe, "Ya mbegu nyeusi. Iliyoungua."

Migdalia akainama, akatoa chini ya kaunta mfuko mdogo, umekunjwa juu mara mbili.

"Hii ni ya Jumanne," akasema. "Kaka ameiweka alfajiri kwa mazoea. Nimeshindwa kumwambia aiondoe."

"Jumanne gani?"

"Kila Jumanne. Bryna alikuwa akienda benki, anapita hapa. Anakaa pale kwenye kiti cha dirishani, anaila, anatuambia habari zako." Akavua miwani. "Hukujua?"

Miaka tisa. Nilidhani foleni ya benki ni ndefu. Alikuwa anatoka dukani kwangu, anazunguka kona mbili, anakula begeli ya sifongo ilimradi asimwache Wilfredo peke yake, kisha anarudi kwangu na kunipa salamu za karani wa benki. Ningetamani kumgombeza. Ningetoa duka zima, tanuri na kila kitu, nimgombeze robo saa tu naye ananijibu.

"Nani huyo anazuia foleni?" Wilfredo akauliza toka jikoni, bila kugeuka.

"Mteja mmoja mkorofi," Migdalia akasema.

Akageuka. Tukatazamana kupitia lile dirisha.

"Zile sita za jana zilikuwa mbaya sana," nikasema.

"Najua."

"Moja ilifunguka."

"Najua, Hersh. Ilinichukua dakika kumi kuifunga." Akapangusa uso kwa kiganja cha kulia. "Ulisema nisikanyage kwako. Hukusema wewe usikanyage kwangu. Nimekusubiri."

"Nilikucheka. Uliniambia kuhusu bega, nikacheka."

"Ulicheka, ndiyo." Hakuongeza kitu cha kunipunguzia. Alifungua mlango wa jikoni kwa kiwiko na kuushikilia wazi. "Unaingia au unangoja nikukaribishe kwa tarumbeta? Watu wana kazi."

Nikaingia. Nikaosha mikono. Ile aproni aliyonipa ilikuwa fupi. Alizima mashine, na jiko likawa kimya ghafla hata sauti ya maji yanayochemka ikasikika. Alikata donge la unga akaliweka mbele yangu, kisha akazunguka akasimama upande wa pili wa meza, mahali pake, bila kugusa kitu.

Begeli ya Bryna niliikata vipande viwili. Chake Wilfredo alikila amesimama. Ilikuwa laini, begeli ya mashine, haina maana yoyote, lakini ilikuwa imeunguzwa sawasawa.

Nikaanza kusokota. Siku saba za kukaa ziliifanya mikono yangu iwe mizito.

"Polepole hivyo?" Wilfredo akasema. "Unasokota au unamfunga mtoto nepi?"

"Nyamaza, nahesabu."

"Wewe? Hesabu?"

Mbele, Migdalia aliita anayefuata. Nilitupa ya kwanza kwenye ubao, nikatupa ya pili. Mishono yote ililala kulia. Wilfredo alinyoosha mkono wake mzima, akaigeuza moja, akautazama mshono wa chini, kisha akairudisha taratibu.

"Bryna alikuwa anasema utakuja," akasema. "Kila Jumanne."