Kurasa Tatu za Dédicace

Musinicheke. Katika mémoire yangu yote, ile kazi ya kumalizia université, nilikuwa nimeandika dédicace tu, yale majina ya kushukuru ya mwanzoni. Kurasa tatu! Kwetu Bukavu ukikaribia kumaliza, jamaa yote inataka jina lake pale mbele, na mimi nilikuwa nimeyapanga yote: mama yangu kwanza, papa yangu marehemu, kwaya ya parokia, hata tonton Grégoire, mjomba wa Bunyakiri, aliyepiga simu mara mbili kuuliza kama jina lake liko mbele ya lile la shangazi Colette. Chini yao, hakuna kitu. Chapitre ya kwanza, yaani sura ya kwanza ya kazi yenyewe, ilikuwa nyeupe.

Ilikuwa alhamisi, saa nane za mchana. Kesho yake saa sita, Professeur Zagabe anayeongoza kazi yangu alikuwa anafunga orodha ya wanaomaliza mwaka huu. Asiyemletea chapitre ya kwanza anangojea mwaka ujao. Mwaka ujao! Na mama yangu anabeba magunia kwenye soko ya Kadutu tangu nikiwa mutoto wa mgongoni. Kila siku ananiambia: "Siku utamaliza, njo siku nitatupa hii kamba."

Niseme ukweli, niliogopa, tena vibaya. Mwezi wa pili nilikuwa nimempelekea Professeur kurasa tano. Alizirudisha na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, na pembeni neno moja la Kifaransa: "Vide." Yaani tupu. Tangu siku ile, nikifungua tu ordinateur, ile kompyuta, naliona lile neno kwenye ukurasa mweupe. Sentensi ya kwanza naifuta kabla haijafika mwisho. Nikisikia hatua nje nadhani ni yeye na bic yake, ile kalamu nyekundu. Mutu anakaa Muhumba kwa matajiri, angekuja Kadutu kufanya nini? Lakini nilikuwa nasikiliza tu.

Joviale, binti ya shangazi, alinionea huruma. Alinipatia kazi ya mutu mmoja aliyemalizia université ya mji mwingine, juu ya wanawake wabeba mizigo, karibu sawasawa na yangu. "Weka dédicace yako mbele, badilisha majina, peleka," akasema. "Bote banafanyaka vile." Nikafanya. Ilichukua dakika kumi. Nikaenda kuchapisha, nikarudi mbio kabla mvua haijanikamata.

Mvua ilimurudisha mama mapema. Akatundika kamba yake ya kubebea kwenye msumari wa mlango, ikawa inachuruzika maji.

"Ni ile kazi?" akauliza.

"Njo ile, mama."

"Nisomee."

Mama hasikii Kifaransa. Nikamusomea dédicace nikiigeuza kwa Kiswahili, na aliposikia jina lake, Cibalonza Rosalie, limetangulia yote, akafuta macho na kitenge. "Endelea basi. Unasema nini juu yetu?"

Nikageuza ukurasa. Mjinga mimi, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma kazi yenyewe! Iliandikwa kwamba wanawake hao hawana akili ya kuhesabu, wanabeba kwa mazoea tu, kama punda. Jina la mama yangu mbele, na matusi haya nyuma yake.

"Umenyamaza. Iko mbaya?"

"Hapana, mama. Inasema... inasema munaamka saa kumi."

"Kumi na moja. Saa kumi iko ya bale ba ndizi."

"Tena munabeba kilo makumi tano."

"Ayi! Nani alikudanganya? Gunia ya mihogo iko kilo mia. Na pale kwenye mupando wa kilima, ukisimama katikati haufiki. Unahesabu hatua mia mbili na kumi na ine, njo unapumua. Haukuandika ile?"

Mama akazichukua zile karatasi, akazipima mkononi, akaniangalia. Kofi ingekuwa afadhali.

"Ni weye uliandika hii, Lydie?"

"Hapana."

Hakupiga kelele. Akavuta kiti kidogo, akakaa na nguo zake za maji, hata kula hajala. "Basi andika. Niko hapa."

"Mama, naogopa. Naogopa sana."

"Hata mimi ule mupando naogopaka, kila asubui."

Nikachukua daftari. Herufi za kwanza zilienda upande. Kila nilipotaka kufuta, mama alinishika mkono akaniuliza nimeandika nini.

Kesho yake saa tano na nusu nilisimama mbele ya Professeur na kurasa saba za mkono, dédicace yangu ikiwa mbele. Akafungua bic nyekundu. Akasoma. Kwenye ukurasa wa pili akasimama.

"Hatua mia mbili na kumi na nne. Umezitoa kwenye kitabu gani?"

"Kwa mama yangu, Professeur. Anabeba."

Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ile kamba ya msumarini. Professeur akarudi kwenye dédicace, akatafuta kwa kidole, akalikata jina la mama kwa wekundu.

"Huyu hakai hapa," akasema.

Kisha akainama, akaandika kwa mkono wake chini ya ukurasa wa pili, pale tunapotaja wale waliotufundisha tunachokisema, maprofesa na vitabu vyao: *Cibalonza Rosalie, mbebaji, Kadutu.*

"Chapitre ya pili jumatatu. Na hizo hatua uzihesabu mwenyewe. Nenda."

Jumamosi saa kumi na moja za asubuhi nilipanda ule mupando nyuma ya mama, yeye na gunia lake, mimi mikono mitupu, tukihesabu kila mtu kwa sauti yake. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne.