Stella wa Mtaa wa Ridge Anataka Watu Wafukuzwe

Jina langu si Stella. Naitwa Lorraine Wojcik, mjane wa fundi chuma, na nimekuwa shabiki wa Korongo, timu yetu ya besiboli, tangu sijang'oa meno ya utoto. Stella ni jina langu la redioni. Msimu mzima wa besiboli, kila siku saa nne asubuhi, Stella wa Mtaa wa Ridge alipiga simu kwenye kipindi cha Gus Brannigan akamnyonyoa Dell Haverty, kocha wa wapigaji, mpaka manyoya ya mwisho.

Na sikumsingizia. Mwaka huu Korongo wamepoteza mechi tisini na saba. Wapigaji wetu walisimama na magongo begani wakiutazama mpira unapita, kama watu wanaosubiri basi. Mimi huandika kila mechi kwa penseli daftarini, mpira kwa mpira, na kufikia Agosti kurasa zilikuwa zimejaa alama za waliotolewa bila hata kuugusa.

"Mfukuzeni!" nilimwambia Gus. "Mfukuzeni yeye na genge lake lote, msibakize hata wa dawa!"

Gus alicheka mpaka akakohoa. Watu wakanipenda. Nikiwa kwa muuza nyama nilisikia wateja wakisema, "Umemsikia Stella leo?" na mimi nikajifanya nachagua soseji huku kichwa kimevimba.

Jumapili msimu uliisha kwa kipigo cha kumi na moja kwa mbili. Jumatatu inayofuata ndiyo siku ya panga, siku ya kufukuza makocha, kila shabiki anaijua. Niliamka na furaha ya arusi, nikachemsha kahawa na kufungua redio mapema. Saa tatu na nusu Gus akasoma tangazo la klabu: Dell Haverty ameachishwa kazi. Nikapiga meza kwa kiganja, kahawa ikamwagika.

Gus hakuwa amemaliza. Akaendelea kusoma: "Pamoja naye wanaondoka wasaidizi wote aliowaajiri."

Nikaacha kufuta kahawa. Mwanangu Thad ndiye anayewarushia wapigaji mipira ya mazoezi kabla ya kila mechi. Na aliyemwajiri, aliyemtoa kwenye ghala la matairi miaka minne iliyopita baada ya kumwona akirusha kwenye mechi ya parokia, ni Dell Haverty.

Utaniuliza, wewe mwanamke, hukujua? Nilijua! Kocha akiondoka huondoka na watu wake. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na kila mara nimeshangilia. Lakini niliposema genge, niliwaona wanaume wenye vitambi wanaotafuna mbegu za alizeti na kutema. Sikumwona Thad. Thad alikuwa mtoto wangu, angekuwaje genge la mtu? Mkuki kwa nguruwe, basi.

Kilichonitia hofu hasa ni Marnie. Binti yake Thad ana miaka tisa, na tangu ana minne anaishi kwa sindano za insulini. Sindano hizo zinatoka kwenye bima ya klabu. Kabla Thad hajapata kazi ile hawakuwa na bima, na mwezi mmoja mkewe alipunguza dozi kidogo ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Marnie alilala hospitali siku sita. Nilikaa pembeni ya kitanda kile nikisikiliza anavyovuta pumzi, na tangu hapo sijawahi kuogopa kitu kingine chochote kwa namna ile. Jumatatu hii niliogopa vilevile.

Nilimpigia Thad mara nne, hakupokea. Mara ya tano nikasikia gari lake uani. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo, kwa hiyo alikuja na Marnie, ambaye alikimbilia sebuleni na vitabu vyake vya kupaka rangi.

"Labda wewe hawajakutaja," nilimwambia Thad kabla hajakaa.

"Mama, watu kama sisi hatutajwi." Akaweka kadi yake ya kazi juu ya meza. "Nimeigusisha mlangoni, imekataa. Mlinzi akanitazama viatu. Ndivyo wanavyotuaga."

"Na bima?"

"Mwisho wa mwezi."

Nikavuta kiti, nikakaa. "Thad, mwanangu, kuna jambo..."

"Najua, Stella," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Tangu Mei tunajua," akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Tulikuwa tunakusikiliza wote chumba cha mazoezi. Haverty anaongeza sauti, anasema, 'Nyamazeni nyie, mama anaongea.' Nilimwambia mwenyewe ni wewe. Akacheka. Akasema mama yako ana macho, yule mpigaji wa tatu kweli anafungua bega mapema, kabla mpira haujamfikia."

"Kwa nini hukunikataza, Thad?"

"Ulikuwa na raha, mama. Tangu baba afe sijakuona na raha vile. Nikasema, redio ya asubuhi, nani anasikiliza?"

Nikalia. Thad akanisukumia leso nijifute, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye alipokuwa mdogo.

"Haverty amenipigia," akasema. "Ana mazungumzo na timu nyingine. Akipata, anasema atanichukua, hakuna aliyewahi kulalamikia mkono wangu. Tusubiri tu kimya kimya."

Kimya kimya! Mtu wa kuniambia mimi maneno hayo hajazaliwa. Saa nne ilikuwa imefika, na kwa ujinga wangu niliona kwamba kama mdomo wangu uliwafukuza watu, mdomo huohuo ungeweza kumrudisha mmoja. Thad alipokwenda kumpima Marnie sukari, nilinyakua simu.

"Stella!" Gus akapiga kelele. "Malkia wetu! Tumeshinda! Sasa tumfukuze nani?"

"Siitwi Stella," nikasema. "Naitwa Lorraine Wojcik. Mwanangu ni Thad Wojcik, anawarushia wapigaji mipira ya mazoezi, na leo klabu imemfukuza. Ana mtoto mgonjwa. Waambieni wamrudishe yeye. Yeye hana kosa."

  "Dah. Pole sana, mama," Gus akasema, na simu ikakatwa. Thad alikuwa amesimama mlangoni, kipimo cha sukari mkononi.

"Umetaja jina langu?" akauliza.

Redio ilikuwa bado inaongea. Gus alishapokea mtu mwingine, kijana kutoka Cheektowaga, mji wa jirani, mwenye sauti ya kuchangamka.

"Namhurumia yule mama, Gus, kweli. Lakini sasa angalau tunajua! Mwaka mzima tunajiuliza kwa nini hawapigi. Huyo Thad Wojcik alikuwa anawarushia mipira laini kama maandazi! Timu nyingine wajihadhari naye."

"Hee," Gus akasema, na nikasikia anavyoanza kuchangamka. "Hiyo sikuifikiria. Wangapi wanamjua huyu Wojcik? Pigeni simu, laini ziko wazi."

Wakapiga. Wa kwanza alisema amemwona, anarusha kivivu. Wa pili hakuwa amemwona ila alikubaliana na wa kwanza. Wa tatu alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye ulimi mkali na mzaha wa kupendeza, na Gus alicheka mpaka akakohoa. Thad alikaa chini taratibu, mkono wake wa kulia juu ya goti, akiutazama. Simu yake ilitetemeka mezani na jina la Haverty likatokea, naye hakuigusa.

Marnie akaja na kidole chake kilichotobolewa akikinyonya. Akasikiliza kidogo.

"Bibi," akasema, "mbona wanamsema baba?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu.